Maji ya Mwisho Bakulini

Mzee Raimundi wa Idete hakupenda kula bila mjukuu wake Rosemery. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Babu yake alimwita mke wangu, na minofu ya samaki alimchambulia yeye kwanza.

Jioni Paulina, mkwe wa mzee na mama wa Rosemery, alileta bakuli la maji ya kunawa. Babu alinawa kwanza, kwa heshima. Akafuata Valentino, mume wa Paulina, aliyetoka shambani kwenye mpunga. Rosemery alinawa mwisho. Ndivyo walivyozoea.

Masika yale Rosemery aliharisha tena na tena. Macho yaliingia ndani. Paulina alisali, akamwita jirani yao Scolastica, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mpe maji ya chumvi na sukari kama nilivyokuonyesha, na chakula usimnyime," alisema Scolastica. "Akishindwa kunywa, au ukiona damu, mkimbize zahanati."

"Lakini dada, anakula tunachokula sote. Mbona sisi hatuumwi?"

Scolastica akangoja chakula. Bakuli lilipomfikia Rosemery, maji yalikuwa ya tope, na magamba ya perege, samaki aliowaparua babu, yakielea. Scolastica akalirudisha kwa babu.

"Baba, naomba unawe tena humu."

"Humu? Binti yangu, si unaona yalivyo machafu?"

"Ndiyo anayonawa mke wako kila siku. Kisha anashika wali."

Mzee akamtazama mtoto.

"Basi mdogo awe anaanza," akasema Valentino.

"Na wewe ukiwa wa mwisho, utanawa uchafu wa nani? Kila mtu amwagiwe maji yake safi, asugue kwa sabuni. Hata kipande cha kufulia kinatosha. Mkitoka chooni pia, na Paulina kabla ya kupika."

Mzee Raimundi akainuka, akachota maji mtungini kwa kata.

"Kaa baba, nitawamwagia mimi," Paulina akasema.

"Kaa wewe, mwanangu. Huyu namnawisha mwenyewe."

Akaanza na Rosemery, kidole kwa kidole, mpaka povu likaisha. Kisha akawamwagia wengine wote.

Tangu siku ile hawakunawa tena katika bakuli moja. Mpaka mpunga unavunwa, Rosemery alikuwa hajaharisha tena, na mashavu yamejaa, Mungu ashukuriwe.

"Huyu mtoto siku hizi ananimalizia samaki," mzee alilalamika, huku akimsogezea kipande kingine.