Kunguni wa Lichi Akiota Mabawa

Kila asubuhi, jua likiwa bado dogo, Rajdev na mkewe Jamuna walitikisa miti yao ya matunda ya lichi. Kunguni wa miti walianguka juu ya shuka zilizotandikwa chini. Wao wakawaokota kwa mikono na kuwatia kwenye ndoo ya maji na mafuta ya taa. Ukiwaachia hao, mavuno utayasikia kwa jirani.

Kunguni wachanga, wale wekundu, hurusha maji yanayochoma kutoka mgongoni. Kijiji kizima kilijua dawa yake: mshike tumbo likuelekee, mgongo uangalie kando.

Siku hiyo walianguka wakubwa, wenye mabawa.

"Baba Munia, angalia uso wako!" Jamuna alimwambia mumewe.

"Acha woga wewe. Hawa nimewazoea."

Akamgeuza mmoja, tumbo likamwelekea. Mara akapiga yowe, mikono usoni.

"Jicho! Naungua! Sioni, Jamuna, sioni!"

Jamuna alimkimbilia. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Mama mkwe akaja mbio na chupa ya mafuta ya haradali.

"Mlaze chini, nimtie matone!"

"Mama, usitie kitu!" Shakuntala, jirani yao mhudumu wa afya, alikuwa anaruka mfereji. "Utamharibu! Mpelekeni kwenye pampu ya maji!"

Wakamwagia maji safi jichoni, wakamwagia tena na tena. Rajdev alilalamika.

"Lakini mgongo niliugeuza kando!"

"Shemeji, hiyo ni ya wachanga," Shakuntala alisema. " Mchanga ana tezi za hayo maji yanayonuka mgongoni. Akijivua ngozi ya mwisho anaota mabawa, na mabawa yanafunika mgongo. Sasa maji hayo yanatokea kifuani, kwa chini, karibu na miguu. Umejielekezea bunduki mwenyewe. Haya, twende hospitali."

Daktari alilifunga jicho. Jamuna hakujua usingizi mpaka siku bandeji ilipotolewa.

"Unaniona?"

"Namwona mwanamke analia bila sababu."

"Bila sababu!" Akampiga begani, akazidi kulia.

Siku hizi wanavaa miwani ya kukinga macho na kuokota kwa koleo, kunguni awe mchanga au mkubwa. Majirani waliowacheka wamenunua miwani yao. Na mama mkwe huweka ndoo ya maji safi chini ya mti. Kabla haijajaa, hakuna anayegusa tawi.