Jina la Mwisho kwenye Orodha

Mwaka 1968, chuoni kwetu Ohio, weusi tulikuwa hamsini kati ya maelfu ya wazungu, na kupitana bila salamu lilikuwa kosa kubwa. Ndiyo maana Clifton Broadnax, ndani ya koti lake jipya la ngozi, alimfuata Vernell Gaither kwenye foleni ya chakula cha mchana.

"Dada, umenipita kama nguzo."

"Nguzo haina nywele nyingi hivyo," Vernell akajibu, akinyoosha sketi yake ya manjano. "Unaona kweli na msitu huo?"

"Leo ndiyo nimeanza kuona."

Kufikia Krismasi, simu ya bweni la wasichana ilikuwa kama mali ya Clifton.

Aprili, chuo kikatangaza kuufunga mpango uliotuingiza sisi, watoto wa vibarua wa viwandani. Clifton na sisi wenzake thelathini tukaliteka jengo la utawala. Asubuhi ya pili, orodha ya watakaofukuzwa ikasukumwa chini ya mlango. Mvulana aliyefukuzwa aliitwa jeshini, na Vietnam ilikuwa imeshammeza kaka yake Clifton. Mchapaji wa ofisi ya mpango alikuwa Vernell. Clifton akampigia simu.

"Umechapa wewe?"

"Mimi."

"Umeniuza, Vernell!"

"Cliff, umeisoma yote?"

"Nimeona jina langu. Linatosha." Akakata.

Hasira zilimpofusha, mjinga yule. Adhuhuri magari ya polisi yalilizunguka jengo, mbwa wakibweka, na hofu ikatushika sote. Vernell akapenya dirisha la nyuma, viatu mkononi, soksi zimechanika.

"Umefuata nini?" Clifton akamkaripia.

"Soma jina la mwisho."

Akasoma. Vernell Gaither.

"Mbona ulijiandika? Hukuwemo humu!"

"Ningekataa, mwingine angechapa majina yaleyale. Langu tu ndilo lingekosekana."

Clifton akaketi sakafuni, akalia bila aibu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nitafikiria. Sogea nikae."

"Wakinipeleka Vietnam je?"

"Nitakuandikia hadi uchoke kusoma."

Clifton akafuta machozi kwa mkono wa koti. "Vernell, nioe mimi, au nikuoe wewe, vyovyote."

"Hee! Nina vumbi mpaka puani. Niulize kesho."

Huko chini kioo cha mlango mkubwa kikavunjwa, na buti zikaanza kupanda ngazi. Vernell akamkamata mkono kwa nguvu.

"Ndiyo," alisema haraka. "Umesikia, Cliff? Ndiyo."