Ndizi Aliyoikataa Wening

Aliyenieleza kwanza habari hii ni Salbiah, mke wa Jamhur, anayekaanga ndizi karibu na gati la sampani, zile mashua ndogo za kuvukia mto, hapa Pontianak. Alinieleza kwa sauti ndogo, huku akiangalia nyuma ya bega langu.

Asubuhi hiyo alipita msichana mgeni kutoka Jawa, jina lake Wening, peke yake, begi mgongoni. Mvua ilikuwa imekatika, na mvuke ulipanda kutoka barabarani kama sufuria imefunuliwa. Salbiah alimkaribisha ndizi za bure, maana alionekana hajala. Wening akatazama sahani, akashukuru, akaondoka. Kwao walimwonya kwamba msafiri wa peke yake hulishwa dawa akaibiwa.

Hakujua mambo ya kwetu. Hapa ukikaribishwa chakula, hata kama umeshiba, unakigusa kwa kidole, kisha unaweka kidole mdomoni. Usipokigusa, umejiacha wazi kwa chochote kinachotafuta mtu. Salbiah alitaka kumwita, lakini katikati ya moshi wa mafuta ikaja harufu ya maua meupe ya makaburini, na hakuna mti wa maua hayo pale. Akampa mumewe sahani.

"Mfuate aguse. Asipogusa usirudi."

Wateja wakamtania Jamhur, wakamuuliza kama sasa mahari ya mke wa pili ni ndizi.

Wening alimwona sokoni, mwanamume wa makamo mwenye sahani iliyofunikwa, akimpungia mkono. Akageuza njia. Alipomwona tena kwenye duka la kahawa, alitokea mlango wa nyuma, na hapo nje akamkuta msichana wa rika lake aliyesema anaitwa Ratri na kwamba naye anatembea peke yake.

"Yule baba anakufuata tangu asubuhi," Ratri alisema. "Twende, najua pa kupita."

Siku nzima Wening alikuwa amemshuku kila mtu, muuza maji ya miwa, mpiga makasia, hata mama aliyemwelekeza msikitini. Ratri hakumshuku. Walizunguka mji pamoja. Ratri hakutaka maji wala kivuli. Blauzi ya Wening ilimganda mgongoni kwa jasho, ya Ratri ilikuwa kavu kama imetoka kupigwa pasi.

Alasiri wakafika kwenye nyumba zilizojengwa juu ya maji, ambako watu hupita juu ya mbao. Wening alisikia mbao zikilia chini ya miguu yake, akatega sikio asikie za mwenzake na hakusikia kitu, akajiambia labda ni mwepesi, lakini harufu ya maua ilikuwa imezidi utamu na sasa ilikuwa inageuka kuwa ya kitu kilichoozea majini, na ule mkono uliomshika ulikuwa umepoa kama samaki na ulikuwa unamvuta mbele, mbele tu, mpaka pale mbao zinapoishia na Mto Kapuas unapita chini, mweusi, wenye haraka.

"Binti, unaongea na nani?"

Alikuwa Jamhur. Hakumsogelea. Aliiweka sahani juu ya mbao, akaisukuma kwa mguu, akarudi nyuma.

"Mimi usiniamini, sawa. Gusa tu ndizi. Kidole kimoja."

"Usiguse," Ratri alimnong'oneza sikioni. "Kwenu si walikuonya?"

Maonyo ya kwao Wening hakuwa amemwambia mtu yeyote. Akainama huku mkono mmoja ukivutwa kuelekea mtoni, akanyoosha ule mwingine, akaigusa ndizi iliyokwishapoa, akatia kidole mdomoni.

Mkono ukamwachia. Maji yakapasuka kama limeangushwa gogo, na hakikuibuka kitu.

Jamhur alimrudisha mpaka nyumba ya wageni, akisoma Ayatul Kursi njia nzima.

Asubuhi iliyofuata Wening alikwenda kwa Salbiah, akala ndizi mpaka akajipaka mafuta kidevuni, akacheka alivyomkimbia Jamhur, akambusu Salbiah mkono. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege likaja. Akafungua mlango, akaingia, begi akalipakata. Kisha akasogea mpaka dirisha la upande wa pili, akangoja kidogo kama anayempisha mwenzake aketi, ndipo akaunyoosha mkono kufunga mlango.