Video Iliyofunguka kwa Chiriku Tu

Kila jioni baada ya kuosha vyombo, Chiriku aliketi kwenye kompyuta ya shangazi yake na kuutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa somo la sayansi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi hiyo mwalimu aliwapa yeye na jirani yake wa dawati, msichana mpole aliyeitwa Kobe. Darasani, ni hao wawili tu waliolijua neno la siri la ukurasa.

Jumanne, Chiriku alipata video nzuri ya moyo wa binadamu katika maktaba ya mtandaoni ya shule. Mtihani wa Ijumaa ungetoka humo. Aliingia kwa akaunti yake, akanakili anwani iliyokuwa juu ya skrini, akaibandika kwenye ukurasa. Alipoijaribu, ilicheza bila shida.

Kesho yake mwalimu alipoibofya darasani, skrini iliandika: "Huna ruhusa ya kutazama video hii."

Chiriku alimtupia Kobe jicho. Mbona ameinamia daftari? Mbona hashangai kama wengine? Na wiki iliyopita si alinuna video aliyoichagua yeye ilipokataliwa? Shaka ikampanda kichwani, na kwa Chiriku, kilichofika kichwani hakikukawia kufika mdomoni.

"Mwalimu, mimi simtaji mtu," alisema, "lakini kikulacho ki nguoni mwako. Neno la siri tunalijua wawili, na mmoja ni mimi."

Darasa likaguna. Kobe machozi yakamlenga. "Sijagusa kitu, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Basi, Kobe, pumzika kwanza na kazi ya ukurasa, mpaka tujue ukweli," mwalimu alisema.

Kobe akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma. Hakuna aliyempisha kwa moyo mkunjufu.

Jioni ile Chiriku alibadilisha neno la siri, asimwambie hata shangazi. Akaibandika video upya kama mwanzo. "Tuone sasa ataingilia wapi!" akajisemea.

Alhamisi asubuhi mwalimu alipoibofya tena, skrini ikaandika maneno yaleyale.

Kobe hakulijua neno jipya. Chiriku alikuwa amemsingizia mwenzake mbele ya darasa zima.

Wakati wa mapumziko alikwenda kwa mkutubi. "Shikamoo, Bi Mkutubi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umemeza ulimi?"

Chiriku akaeleza yote. Mkutubi akamwambia atoke kwenye akaunti yake, kisha afungue ile video. Ikakataa.

"Anwani uliyonakili inakubali ukiwa umeingia wewe tu," mkutubi alisema. "Kila video ina kiungo chake cha kudumu. Bofya hapa palipoandikwa 'Shiriki,' unakili hicho. Kila mmoja ataingia kwa akaunti yake."

"Kwa hiyo hakuna aliyeiharibu?"

"Hakuna."

Chiriku akasitasita. "Nikirekebisha kimyakimya, nani atajua?"

"Yule uliyemsingizia anajua," mkutubi akajibu.

Mchana, Chiriku alisimama mbele ya darasa. Alieleza kosa lake, na jinsi alivyobadilisha neno la siri ili amnase mwenzake. "Kobe, nisamehe. Nimekuonea."

Kobe akajibu, "Nimekusamehe, lakini umeniumiza. Siku nyingine niulize kwanza. Tulikuwa dawati moja, hata kupaza sauti usingehitaji."

Wanafunzi wakacheka, kisha wakaona aibu, maana nao walikuwa wamemnunia bure.

Mwalimu akamwomba Kobe radhi, akamrudishia kazi yake. Kisha akabofya kiungo kipya, na video ikafunguka kwa wote.

"Kubadilisha neno la siri kulikuwa jaribio zuri, Chiriku," alisema. "Ndilo lililotuonyesha kwamba Kobe hana hatia. Kosa letu, wewe na mimi, ni kwamba tulihukumu Jumatano, uchunguzi ukafanyika Alhamisi. Mwenzenu amelala usiku mzima na jina baya ambalo si lake."