Ng'ombe Walioitwa Jijini

Kila asubuhi, giza likiwa bado halijaondoka vizuri, Jerotich alikuwa zizini akikamua. Hakukamua kimya. Alimwita kila ng'ombe kwa jina lake.

"Karoti, sogea. Malaika, simama vizuri. Nusu Pembe, leo usinipige teke."

Binti yake mdogo aliketi juu ya debe akiyarudia majina hayo yote. Alikuwa na miaka minne. Alipewa jina zuri, lakini nyumbani aliitwa Toto tu. Jerotich naye hakuitwa Jerotich. Majirani walimwita Mama Kiprugut, kwa sababu Kiprugut ndiye mtoto wake wa kwanza. Jina lake mwenyewe lilibaki kwenye kitambulisho.

Ng'ombe hawajui likizo, na anayewafuga pia haijui. Tangu aolewe, Jerotich hakuwahi kulala mbali na zizi lake. Basi Agosti moja mumewe, Kipyegon, akasema ndugu yake angekuja kukamua kwa siku tatu.

"Twende Nakuru tutembee na watoto," alisema. "Hata sisi ni watu."

Kutoka Rongai hadi jiji la Nakuru si mbali. Lakini kwa mtu mwenye ng'ombe, ni mbali kama Ulaya. Walifikia kwa dada yake Jerotich, mtaa wa Section 58. Asubuhi ya kwanza Jerotich aliamka saa ya kukamua. Mikono ilitafuta ndoo, ikapata blanketi. Akalala tena, akawa anasikiliza jiji likiamka polepole. Alijiona mwepesi, na alifurahi sana.

Siku ya pili walikwenda uwanja wa watoto katikati ya mji. Palikuwa na nyumba za mpira zilizojazwa upepo, watoto wakirukaruka ndani. Wengine walikuwa wamechorwa nyuso, huyu simba, huyu kipepeo. Kipyegon alimchukua Kiprugut wakaenda kununua chipsi. Jerotich alibaki na Toto.

Karibu nao alisimama mtu aliyekuwa akipuliza mapovu ya sabuni. Mapovu yalipanda juu ya miti, yakapita mapaa, yakaelekea upande wa mlima Menengai. Moja lilikuwa kubwa kama sufuria ya ugali. Ndani yake Jerotich aliona rangi zote, na jiji zima limepinduka. Alilifuata kwa macho. Akasahau ng'ombe, akasahau kuni, akasahau hata miguu yake. Ni lini mara ya mwisho alitazama kitu kisicho na kazi?

Povu lilipopasuka, alitazama chini. Toto hakuwepo.

"Toto!" aliita. "Toto!"

Watoto kumi hivi waligeuka wakamtazama. Kumbe jiji zima lina akina Toto. Alikimbia kwenye nyumba za mpira. Hakumwona. Alikimbia hadi langoni. Lango lilikuwa wazi, na ng'ambo yake ilipita barabara kubwa yenye malori. Alimwuliza mlinzi, na mlinzi akauliza mtoto amevaa nini. Jerotich, anayemjua kila ndama wake kwa madoa, hakukumbuka rangi ya sweta ya mwanawe.

Hapo ndipo kipaza sauti kilipolia.

"Tunamtafuta mwenye ng'ombe wanaoitwa Karoti, Malaika na Nusu Pembe," sauti ya mwanamke ilisema. "Nusu Pembe ndiye anayepiga teke. Mwenye ng'ombe hao afike kwa hema ya kijani."

Watu walicheka. Jerotich alidhani anaota. Ng'ombe wake wanaitwa, katikati ya jiji! Halafu akaelewa, akakimbia.

Toto alikuwa ameketi ndani ya hema, akila ndizi. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa amefuata povu. Jerotich alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba ndizi inapondeka. Mama alilia bila kujificha.

Mwenye kipaza sauti aliitwa Nabalayo. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na wakati wa likizo alisaidia pale uwanjani. Kipyegon na Kiprugut walipofika mbio, chipsi mkononi, aliwakaribisha viti akawaeleza yaliyotokea. Alimwuliza mtoto jina, akaambiwa Toto. Alimwuliza jina la mama, akaambiwa Mama. Baba ni Baba. Nyumbani ni wapi? Nyumbani ni kwa ng'ombe.

"Nikamwuliza ng'ombe wanaitwaje," Nabalayo alisema. "Hapo akanitajia wote, mpaka ndama. Huyu mtoto ana akili. Kichwa kilichoshika ng'ombe wote hao hakiwezi kushika jina la mama?"

Kipyegon alikuna kidevu. "Mwalimu, kwetu mtoto hataji jina la mzazi. Ni kukosa adabu."

"Hata kwetu Bungoma ni hivyo hivyo, mzee. Lakini hili si jina la kumwitia mama. Ni la kuweka. Kama ID yako. Hutembei ukiwaonyesha watu, lakini ukisafiri huiachi nyumbani."

Kipyegon alikubali kwa kichwa.

Nabalayo akawafundisha mengine. Mtoto ajue jina lake kamili, majina ya wazazi, mahali anapotoka na namba ya simu. Akipotea, asizungukezunguke. Asimame palepale. Amwambie mama mwenye watoto, au mfanyakazi wa pale. Asimfuate mtu mwingine kokote, hata akipewa peremende. Na mzazi, kabla ya kutoka nyumbani, ampige mtoto picha na simu. Sweta itaonekana pale.

"Namba ni ndefu," Jerotich alisema. "Ana miaka minne tu."

"Majina ya ng'ombe aliyajifunza vipi, mama?"

Jerotich alitabasamu. Alijua jibu.

Waliporudi Rongai, wimbo wa zizini ulirefuka. Karoti, sogea. Malaika, simama vizuri. Nusu Pembe, usinipige teke. Kisha Toto, juu ya debe lake, aliongeza: "Mimi ni Jepkemei. Baba ni Kipyegon. Mama ni Jerotich. Kwetu ni Rongai." Siku ya kwanza Jerotich alipolisikia jina lake kwa sauti ile ndogo, aliacha kukamua kidogo. Ilikuwa miaka mingi tangu aitwe hivyo asubuhi. Lilikuwa jina tamu. Namba ya simu waliifundisha tarakimu mbili kwa wiki, na Nusu Pembe akawa anapiga teke kila wakifika kwenye saba.

Desemba walirudi Nakuru. Uwanja ulikuwa umejaa zaidi. Mtu wa mapovu alikuwepo, na mapovu yalipanda vilevile, polepole, kuelekea Menengai. Safari hii Jerotich alimshika Toto mkono. Lakini kundi la watoto lilipita katikati yao kwa kishindo, mkono ukateleza. Alipotazama, mtoto hakuonekana.

Kabla hajaanza kukimbia, simu ililia.

"Halo," alisema mwanamke asiyemjua. "Ni Jerotich wa Rongai? Nina watoto wangu hapa kwa nyumba za mpira, na kuna kasichana kamenishika sketi. Kamesema hakaendi popote mpaka nikupigie."

Jerotich alifungua mdomo kujibu. Nyuma ya yule mwanamke ikasikika sauti ndogo, kali, ikimkanya mtu mzima.

"Usimwite hivyo. Hilo ni la kuweka. Yeye anaitwa Mama."

"Ndiye mimi," Jerotich alisema, akicheka na kulia pamoja. "Mwambie asimame hapo hapo. Nakuja."