Mngurumo wa Tumbo la Fundi

Siku ya tatu baada ya fundi cherehani kushonwa utumbo, chumba cha wagonjwa mahututi kilianza kunuka udongo mbichi. Nje jua lilikuwa kali. Mama Pacha, muuguzi wake, alikagua soli za viatu vya kila aliyeingia, akapiga deki mara mbili. Harufu haikubanduka kitandani kwa fundi.

Fundi alikuwa kwenye usingizi wa dawa, mashine ikimpumulia, asiweze kusema panapouma. Tumbo lilivimba, presha ikateremka, mkojo kwenye mfuko ukawa kiduchu. Lakini kila mara daktari mpasuaji alipoweka stetoskopu, tumbo liliunguruma: mara tatu kwa kuvuta, mara moja kwa kukata, kama mtu anayeuliza swali.

"Utumbo unafanya kazi, dada. Nikimfungua tena bure, nitamuua mimi."

"Na moyo unaokimbia hivi?"

"Homa ya mapafu hiyo. Au umeanza kunifundisha?"

Asubuhi Mama Pacha mwenyewe alimwambia mke wa fundi, "Tumbo linaongea, mama, mshukuru Mungu," akajiona bora kidogo kwa kuleta habari njema. Sasa ubora huo ulimsuta.

Daktari alipotoka, Mama Pacha akachukua stetoskopu, akalisikiliza tumbo mwenyewe. Kimya. Akabonyeza: gumu kama ubao. Daktari akarudi mlangoni kufuata kalamu aliyoisahau, tumbo likaunguruma.

Vinyweleo vikamsimama Mama Pacha, akasoma Bismillahi, akaitoa stetoskopu tumboni akaiweka kwenye godoro, nalo likaunguruma, akaiweka kwenye chuma cha kitanda, nacho kikaunguruma, akaibandika ukutani, mbali na ngozi ya binadamu yeyote, na humo ukutani mngurumo ukamfuata, mara tatu kwa kuvuta, mara moja kwa kukata, kisha kitu kikacheka taratibu ndani kabisa ya masikio yake.

"Daktari," alinong'ona, "njoo usikilize ukuta."

"Usikilize nini?"

"Utanicheka baadaye. Njoo."

Alisikiliza. Uso ukamparama.

"Hili... hili si tumbo la fundi."

"La fundi limenyamaza, tangu lini hatujui. Kuna kitu kinatubembeleza ili afe."

"Mpelekeni chumba cha upasuaji. Sasa hivi!"

Walipomfungua, mshono wa utumbo ulikuwa umeachia na uchafu umetapakaa. Harufu ya udongo ilifumuka kama pumzi ya kaburi lililofukuliwa, ikampiga daktari usoni, ikatoweka. Wakakata palipooza, wakasafisha mpaka maji yakatoka meupe.

Kufikia jioni presha ilipanda, mkojo ukaanza kutiririka. Mke wa fundi alimwangukia Mama Pacha kifuani.

"Nisamehe, mama. Asubuhi nilikupa matumaini ya uongo."

"Yuko hai, mwanangu. Mengine mwachie Mungu."

Kwenye korido, daktari aliegemea ukuta, mkono mmoja ubavuni, akitabasamu kwa uchovu. Tumbo lake likaunguruma: mara tatu kwa kuvuta, mara moja kwa kukata.

"Njaa hiyo, dada. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Harufu ya udongo mbichi ikamjaa Mama Pacha puani.

"Panda kwenye machela, daktari."

"Nimekwambia ni njaa."

"Panda, nakusihi."

Akapanda huku akicheka. Mama Pacha akaweka kiganja tumboni pake, akabonyeza. Kicheko kikakatika.

Lilikuwa gumu kama ubao.