Pikapu Iliyolia Mlimani

Hyasinta wa Kigera, Musoma, anauza dagaa. Huwanunua Murangi, kando ya ziwa, akawapeleka Bunda siku ya soko. Zamani alikuwa anaomba nafasi kwenye malori ya watu. Dereva akiamka vibaya, magunia yanabaki barabarani. Mvua ikinyesha, dagaa wanaloa. Na dagaa walioloa atawanunua nani?

Ndiyo maana mume wake, Thadeo, alifanya jambo zito. Binti yao Boke alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliletwa kijijini kwa kina Thadeo, Butiama. Kwa desturi, ng'ombe hao walikuwa wa Mwikwabe, kaka yake Boke, ili naye aoe. Thadeo aliwauza akanunua pikapu kuukuu kutoka Mwanza. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, baada ya shida ndefu ya kupangia foleni sukari na sabuni. Magari ya mitumba yalikuwa yameanza kuonekana.

"Mwanangu," Thadeo alimwambia Mwikwabe, "hii pikapu itakurudishia ng'ombe wako. Nipe muda."

Mwikwabe alikubali. Mchumba wake naye alikubali kungoja. Pikapu ikifa, hakuna ng'ombe na hakuna harusi. Na Thadeo atamtazamaje kijana wake?

Siku moja walimaliza soko Bunda wakataka kurudi. Kituo cha mafuta kilikuwa kimekauka. Wakanunua petroli ya pipa kwa Machage, mfanyabiashara wa kando ya barabara. Wakajaza tangi. Wakapakia magunia ya mahindi, wakaondoka.

Kwenye mlima, karibu na njia ya kwenda Butiama, pikapu ilianza kulia. Chiri-chiri-chiri! Ilikuwa kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Nguvu ikapungua. Walipofika tambarare, mlio ukaisha.

"Umesikia?" Hyasinta aliuliza.

"Nimesikia," Thadeo alijibu.

Kesho yake Thadeo alimpelekea gari fundi mmoja wa mjini Musoma, jina lake Wanzagi. Wanzagi hakufungua hata boneti. Alisimama, mikono mfukoni, akasikiliza maneno ya Thadeo.

"Pole, mzee," alisema. "Injini imekufa hiyo. Uza haraka, wakati bado inatembea. Mimi nina mteja. Nitakuja naye kesho asubuhi."

Tangu utoto Thadeo alichunga ng'ombe. Kwa wafugaji, ng'ombe akianza kukohoa, anapelekwa mnadani kabla hajafia zizini. Thadeo aliona na gari ni hivyo hivyo. Akampa Wanzagi mkono wa makubaliano.

Nyumbani, Hyasinta aliposikia, aliweka chini sufuria.

"Baba Boke, huyo fundi ameiona injini?"

"Hapana. Nimemweleza tu."

"Ameisikia ikilia?"

"Pale haikulia."

"Hakuiona, hakuisikia, halafu anasema imekufa! Hata zahanati wanakushikaga mkono kwanza ndiyo wanasema unaumwa. Na wewe ukampa mkono!"

Hyasinta alijifunga kanga, akatoka. Alikwenda kwa jirani yao, Dorkas. Dorkas alijifunza ufundi wa magari alipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Sasa anaendesha gari la zahanati ya parokia, na analitengeneza mwenyewe.

Dorkas alikuja na tochi na bisibisi. Hakugusa kitu kwanza. Aliuliza.

"Shemeji, inalia wakati gani? Ikiwa baridi au ikipata moto?"

"Mlimani," Thadeo alisema. "Ikiwa na mzigo."

"Ikisimama hapa, ukikanyaga mafuta?"

"Kimya."

"Taa ya oili iliwaka? Maji yalichemka?"

"Hapana. Nilitazama."

Dorkas alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa ya kutosha. Akatazama maji, yapo. Akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole, haujalegea.

"Sikilizeni," alisema. "Gari inasema, ila ina lugha yake. Mkanda ukilegea au ukiloa, inapiga kelele kali kama filimbi, hasa ukiwasha asubuhi. Oili ikipungua, juu ya injini inalia tik-tik-tik kama saa. Beringi za ndani zikiisha, unasikia mlio mzito toka chini, ko, ko, ko. Huo haungoji mlima. Hata imesimama hapa, ukikanyaga mafuta unausikia. Ukisikia huo, zima gari palepale, usiendeshe."

"Na wetu?" Hyasinta aliuliza.

"Wenu ni wa kokoto, tena mlimani tu. Hapo petroli inawaka vibaya ndani. Mlinunua wapi?"

"Bunda. Kwa Machage. Ya pipa."

Dorkas alivuta petroli kidogo kwa mpira. "Asije mtu na sigara hapa," alionya. Akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Akamwomba Hyasinta alete karatasi ya pili, akadondosha tone la petroli safi ya zahanati. Wakangoja.

Petroli safi ilikauka, karatasi ikabaki nyeupe. Ile ya Machage iliacha doa la mafuta, kama karatasi iliyofungia maandazi.

"Mafuta ya taa!" Dorkas alisema kwa hasira. "Mnauziwa mafuta ya koroboi kwa bei ya petroli. Na mkizidi kuiendesha hivi, hapo ndipo injini itakufa kweli. Huyu ni mwizi, na yule fundi wenu ni mwizi mwenzake. Fundi gani hauliziagi mafuta yametoka wapi?"

Walimwaga petroli ile mbaya kwenye dumu, mbali na jiko. Siku hiyo kituo cha mjini kilikuwa na mafuta. Wakaweka safi. Dorkas akasafisha plagi.

Asubuhi Wanzagi alifika na mteja, mtu mpole aitwaye Felisiani. Mwikwabe alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye pikapu.

"Hatuuzi," Hyasinta alisema.

"Mama, tulishapeana mkono," Wanzagi alisema. "Na injini yenyewe imekufa."

Felisiani alishtuka. "Imekufa? Si umeniambia injini nzima, mwenyewe anauza kwa shida ya pesa?"

Jamani! Mtu mmoja, gari moja, maneno mawili. Kwa muuzaji imekufa, kwa mnunuzi ni nzima. Watu kama hawa wanakula jasho la wenzao huku wanasalimia vizuri.

"Pakieni magunia," Dorkas alisema. "Twende mlimani wote. Na wewe fundi panda. Utatuonyesha maiti iko wapi."

Wanzagi alisema ana kazi. Felisiani alimshika bega. "Panda," alisema. Wanzagi akapanda.

Thadeo aliendesha, na njiani Dorkas akamweleza Felisiani habari ya mlio na ya petroli ya pipa. Pikapu ilifika kwenye mlima ule ule, imejaa mahindi. Thadeo akakanyaga mafuta. Wote waliinamisha vichwa wakisikiliza. Injini ilinguruma, ikapanda hadi juu. Kokoto hazikusikika tena.

Juu ya mlima Felisiani alishuka. Alimgeukia Wanzagi polepole.

"Mwaka jana gari langu lililia hivi hivi mlimani," alisema. "Hukufungua boneti. Uliniambia injini imekufa, nikakuuzia gari kwa bei ya chuma chakavu. Leo asubuhi nimeliona linabeba samaki pale mwaloni Mwigobero, nikadhani limewekwa injini mpya. Ulimuuzia nani?"

Felisiani alimpeleka Wanzagi mbele ya wazee wa mtaa, na Thadeo akatoa ushahidi. Wanzagi aliamriwa kumlipa Felisiani thamani ya gari lake.

Pikapu ya Thadeo inafanya kazi. Ng'ombe wa Mwikwabe walirudi mmoja mmoja, na ameoa. Lakini Hyasinta hasira haijamwisha. Soko la Bunda likifika na kituo kimekauka, anakwenda kwenye pipa la Machage na karatasi yake nyeupe.

"Mama, unanifukuzia wateja," Machage alilalamika siku moja. Nyuma yake madereva walikuwa wamepanga mstari.

"Dagaa wangu kila mtu anaonjaga kabla ya kununua," Hyasinta alijibu. "Sijawahi kumkataza mtu. Petroli yako inaogopa nini?"

Dereva wa kwanza kwenye mstari alinyoosha mkono. "Mama," alisema, "nipasulie na mimi kipande cha karatasi."